Jibu Lilikuwa Eum

Simu ya Hyangsuk ililia juu ya gunia la ufuta, na aliyeipokea hakuwa Hyangsuk. Alikuwa mama mkwe wake, Bunrye, mwenye miaka sabini na sita, sikio moja zima na jingine la mapambo.

"Naongea na Bi Hyangsuk?" aliuliza nesi kutoka kliniki ya wanawake ya Andong.

Bunrye alichungulia mlangoni. Mkamwana wake alikuwa nje, anashusha magunia ya pilipili ya wateja. Akajiambia kwamba mama mkwe na mkamwana waliokaa nyumba moja miaka ishirini na miwili ni karibu mtu mmoja. Akaibana sauti ikawa nyembamba. "Ndiye."

"Majibu yako ya Jumamosi, maana uliondoka bila kuyasubiri. Kipimo cha mkojo ni eum. Ila kwenye damu homoni ya mimba imeonekana, ndogo sana. Daktari anataka urudi Ijumaa tupime tena, na majibu ya zile homoni nyingine yatakuwa tayari. Umenielewa?"

"Nimeelewa mno," alisema Bunrye, akakata simu kabla nesi hajaongeza la kuharibu.

Sasa, watu wa huko Korea wana maneno mawili ya kugawia dunia. Yang ni jua, moto, mwanamume. Eum ni kivuli, mwezi, maji, mwanamke. Hospitali nazo zikayachukua maneno hayo hayo na kuyapa kazi nyingine: kipimo kikikuta kitu, wanasema yang, kisipokuta kitu, wanasema eum. Kila aliyefika sekondari analijua hilo. Bunrye aliishia darasa la nne. Tena kwa miaka mingi ya maisha yake sheria ilimkataza daktari kumwambia mjamzito jinsia ya mtoto, kwa hiyo madaktari walikuwa wakidokeza tu: huyu atapenda nguo za waridi, huyu kachukua mabega ya baba yake. Bunrye alikuwa bingwa wa vidokezo kijiji kizima. Nesi kasema eum. Nesi kasema homoni ya mimba ipo. Nesi kasema ndogo. Basi ni mtoto wa kike, bado mdogo. Kuna nini tena cha kuelewa?

Hyangsuk aliingia anafuta jasho. Nje barafu ilikuwa haijayeyuka kwenye mifereji, na yeye alikuwa na kifulana.

"Mama, nani alipiga?"

"Kaa kwanza."

"Nina magunia manane—"

"Magunia yana mwenyewe. Pilsu! Pilsu we! Acha mashine, njoo ubebe magunia. Mkeo kuanzia leo habebi kitu kizito kuliko kijiko."

Pilsu alitokea nyuma ya mashine ya kukamua mafuta, uso unang'aa ufuta. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini ambaye alikuwa akipata habari za nyumba yake mwenyewe baada ya jirani.

"Kuna nini?"

"Ni msichana," alisema Bunrye.

"Nani?"

"Huyo." Kidole kikaelekea tumboni kwa Hyangsuk.

Hyangsuk alicheka. Kisha kicheko kikapotea njia, kikatokea machoni. Kwa mwezi mzima ilikuwa hivyo: alikuwa akianza kupiga chafya na kuishia kulia.

"Mama, mimi nina miaka arobaini na saba."

"Nimekuuliza umri?"

"Nilienda kwa sababu siku zangu zimepotea miezi minne, na huu moto unaonipanda. Sikwenda kutafuta mimba."

"Ndiyo maana umeipata. Ulipokuwa ukiitafuta ilikukimbia."

"Lakini wamejuaje kama ni msichana, mapema hivi?"

"Siku hizi damu inasema kila kitu. Mjukuu wa Okbun walimjua kwa damu ya mama yake, tumbo halijatokeza hata kidogo."

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililoharibu mambo. Uongo mtupu Hyangsuk angeutambua. Huu ulikuwa na ukweli ndani yake kama mchele wenye chuya. Alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama mama yake.

"Sisi?" aliuliza Pilsu.

"Kwani kuna mwingine?"

"Hapana, nauliza tu... lini?"

"Ulizaneni wenyewe hilo," alisema Bunrye. "Mimi sikio langu bovu liko upande wa chumba chenu."

*

Hyangsuk angeweza kupiga simu kliniki akauliza. Siku ile ya Jumatatu alishika simu mara tatu, na mara tatu akairudisha mfukoni, kwa sababu simu ukiipiga inajibu.

Badala yake aliuuliza mwili wake, na mwili ulimjibu kama karani wa ofisi ya serikali. Siku zake zimekatika: inaweza kuwa mimba, inaweza kuwa mwisho. Matiti yanauma: inaweza kuwa hili, inaweza kuwa lile. Usingizi hauji, hasira zinakuja bila kuitwa, harufu ya ufuta aliyoizoea tangu aolewe sasa inamkaba. Kila dalili ilikuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja kaja na hati yake. Huo moto ndio uliomchanganya zaidi. Ulianzia kifuani, ukapanda shingoni, ukamuacha amelowa kama aliyetoka kuoga.

"Ni damu ya mtoto inachemka," Bunrye alimfasiria. "Mimi nilipokuwa na mimba ya Malsun niliyeyusha theluji kwa kuikalia."

"Uliniambia Malsun alikuwa mtoto baridi."

"Alikuwa baridi baada ya kutoka."

Kufika Jumanne habari ilikuwa imeshaingia nyumba ya wazee, ambako akina mama wa kijiji hushinda kwenye sakafu iliyopashwa moto wakicheza karata. Bunrye alisema anawaambia kwa siri, na alisema kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja. Okbun, rafiki na adui yake wa miaka hamsini, aliweka karata chini.

"Arobaini na saba! Bunrye, hiyo si mimba, hayo ni makumbusho."

"Wivu utakupasua nyongo."

"Na Pilsu naye! Mimi nilidhani yule anakamua ufuta tu."

Jioni wanaume walioleta ufuta walimwamkia Pilsu kwa heshima mpya, wakimuuliza anakula nini, na kama mafuta anayouza ni yale anayokunywa mwenyewe. Pilsu aliinamisha kichwa juu ya mashine. Hakujua kama anasifiwa au anachekwa, akaamua kutabasamu nusu ili isije ikawa hasara kote. Lakini usiku, baada ya chakula, aliosha vyombo. Aliviosha vibaya, Hyangsuk akaviosha tena alipotoka.

Jambo lililobaki lilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ndiyo waliyokuwa wakimwandalia tambiko marehemu mzee, mume wa Bunrye: meza nzima ya samaki, nyama, mboga na vitafunwa vya kukaanga kimoja kimoja. Kila mwaka Hyangsuk alisimama mbele ya kikaango tangu asubuhi hadi magoti yagome. Lakini desturi inasema mjamzito asiguse chakula cha wafu. Bunrye akampigia binti yake Malsun kule Daegu.

"Mwaka huu utapika wewe."

"Mimi? Mama, mimi na kisukari changu?"

"Hukaangi kwa kisukari, unakaanga kwa mkono."

"Wifi ana miaka arobaini na saba! Watu wa umri huo wanasubiri wajukuu."

"Yeye kaamua kukata foleni. Njoo na aproni yako."

*

Alhamisi Bunrye alimpeleka mkamwana wake ofisi ya afya ya wilaya, kuchukua beji. Wajawazito hupewa beji ya waridi ya kutundika kwenye mkoba, ili wapishwe viti. Hyangsuk hakutaka. Alisema wangoje Ijumaa. Bunrye alisema beji hazingoji, zitaisha. Wilaya ile wazee walikuwa wengi kuliko mbwa na watoto wakihesabiwa kwa vidole; beji zilikuwa kwenye boksi zima ambalo utepe wake haujakatwa.

Karani, msichana wa miaka ishirini na kitu, alisimama kwa furaha. Kisha akawatazama mmoja baada ya mwingine, na furaha yake ikakosa pa kutua.

"Mnamchukulia binti yenu? Anatakiwa aje mwenyewe."

"Amekuja mwenyewe," alisema Bunrye.

"Yuko wapi? Kwenye gari?"

Hyangsuk alihisi moto unaanza. Si sasa, aliuomba. Ulikuja. Ulipanda shingo, masikio, paji la uso, na jasho likadondoka juu ya fomu.

"Ni mimi," alisema.

"Oh." Karani alikaa chini. "Samahani sana, dada... mama... Bi. Nitahitaji tu cheti cha mimba kutoka kliniki."

"Cheti cha nini? Mtazame anavyochemka!" Bunrye alisema.

Nyuma yao mzee mmoja aliyekuja kupima presha alijikuna shingo. "Mke wangu pia alichemka hivyohivyo," alimwambia Hyangsuk kwa upole, "mwaka aliokaribia hamsini. Alilala na dirisha wazi mpaka mimi nikaugua mapafu."

"Nani kakuuliza?" alifoka Bunrye. Lakini walitoka bila beji. Hyangsuk alikuwa amekisikia alichosema yule mzee. Bunrye pia, kwa bahati mbaya, alikuwa upande wa sikio zima.

*

Ijumaa asubuhi walimtoa Hyangsuk damu. Walisubiri saa nzima chini ya picha za watoto wanene, na kila mlango ulipofunguka Hyangsuk alishika mkoba kwa mikono miwili. Kisha wakaitwa. Bunrye hakuitwa, aliingia tu.

Daktari Noh alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi na miwani ya kuninginia. Alifungua majibu.

"Tuanze na lililokusumbua. Kipimo cha mkojo kilikuwa eum, kama ulivyoambiwa kwenye simu."

"Eum," alirudia Hyangsuk.

Aligeuka polepole. Bunrye alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kajibu sawa.

"Si nilikwambia? Eum. Msichana."

Nesi aliyekuwa anapanga chupa mlangoni aliitambua ile sauti ya "nimeelewa mno", akaacha kupanga. Daktari alivua miwani. Alikuwa amefanya kazi ile miaka thelathini na hakuwa amewahi kulisikia kosa hilo. Kwa sekunde mbili mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia kwa mkono. Kisha akamuona Hyangsuk, na kicheko kikafa chenyewe.

"Bibi," alisema, "eum ya kwetu hapa si ya mwanamke. Eum ya kwetu maana yake hakuna."

"Hakuna mvulana."

"Hakuna mtu, bibi."

"Lakini nesi alisema homoni ya mimba ipo! Ndogo! Mimi nilimsikia!"

"Ipo. Na hata leo iko palepale. Ingekuwa ya mtoto, kwa siku hizi zote ingekuwa imeshazidi mara mbili, mara tatu. Haijasogea." Daktari alimsogelea Hyangsuk, akamwambia yeye, si Bunrye. "Nisikilize. Chini ya ubongo una tezi ndogo kama punje ya soya. Kila mwezi ilikuwa inatuma homoni kwenye vifuko vyako vya mayai: leteni yai. Vifuko vikiamka, vinatoa homoni yao, estrojeni, inapanda mpaka kichwani kuripoti kwamba kazi imeanza. Tezi ikipata ripoti, inapunguza. Ndivyo ilivyokuwa tangu ulipovunja ungo. Sasa mayai yamebaki machache, na ripoti hazifiki. Kwa hiyo tezi inazidi kutuma. Ya kawaida haifiki kumi. Yako imefika sabini na mbili. Na tezi ikifanya kazi kwa fujo namna hiyo, huweza kudondosha hata chembe za ile homoni ya mimba. Ndizo tulizoziona kwenye damu."

"Kwa hiyo ilitoka kichwani kwangu," alisema Hyangsuk.

"Ilitoka kwenye tezi. Hukuitunga wewe."

"Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni hedhi inaelekea kukoma. Inaweza hata kurudi mara mbili tatu ikuzungushe. Mpaka mwaka mzima upite bila kuiona, ndipo tutasema imekwisha."

"Na kwa nini nalia? Jana nimelilia kabichi."

"Kwa sababu estrojeni haishuki kama mtu anayeteremka ngazi. Inashuka kama mlevi. Leo iko juu, kesho imeanguka, keshokutwa imesimama tena. Kidhibiti joto cha mwili kinayumba nayo, ndiyo maana unawaka moto. Kuna dawa. Tutazungumza, usikubali tu kuteseka."

Bunrye aliuliza, kwa sauti ya chini, "Na mimi? Mimi nilipofika hapo, mbona sikuambiwa haya yote?"

"Uliambiwa nini, bibi?"

"Niliambiwa nina hasira mbaya."

*

Walikaa kwenye benchi nje ya kliniki. Bunrye alinunua mikate miwili ya moto yenye maharagwe matamu ndani, akampa mmoja mkamwana wake, na wote wawili wakaishika bila kuila.

"Nesi yule naye," alisema Bunrye. "Angesema tu hakuna."

"Alisema, Mama."

"Angesema kwa Kikorea cha watu."

Hyangsuk alikuwa anatafuta hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi, alitaka kuitumia sasa, na sasa ndiyo ilikuwa imekwenda. Alikuta huzuni pale, na pembeni yake kitu kingine ambacho aliona aibu kukitazama, kilichofanana sana na nafuu ya mtu aliyetua mzigo. Alishindwa kujua kipi ni chake.

"Siku nne," alisema.

"Siku nne nini?"

"Nilikuwa na binti siku nne."

Bunrye aliutazama mkate wake.

"Nilishampa jina," alisema Hyangsuk.

"Jina gani?"

"Sikwambii."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili kumnyima mama mkwe wake neno. Bunrye alifungua mdomo, akautia mkate.

*

Jumamosi Malsun alifika kabla ya saa tatu, aproni shingoni, anaguna tangu getini. Hakuna aliyekuwa amempigia. Bunrye alisema simu haina chaji. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa hana.

Mafuta yalikuwa yameanza kulia kikaangoni. Malsun alimwona Hyangsuk mlangoni akamwinamia kwa mbwembwe.

"Malkia wetu! Kaa, kaa, wifi. Usisimame, usije ukamwangusha binti mfalme. Mgongo wangu mimi si mgongo."

Pilsu, aliyekuwa anapangusa meza ya tambiko, aliacha kupangusa. Yeye alikuwa ameambiwa jana. Hakusema kitu, ila alikuwa amekaa upande wa kitanda wa mkewe mpaka akalala, na kwa Pilsu hiyo ilikuwa hotuba.

"Hakuna mimba, wifi," alisema Hyangsuk. "Nakoma hedhi tu. Ni umri."

Aliyasema bila kulia. Alikuwa amejiandaa kulia na akashangaa.

Malsun alimtazama, akamtazama mama yake, akarudi kwake. Kwa kitambo kidogo uso wake ulitaka kumhurumia kweli. Kisha uchovu ukashinda. Alivua aproni, akamnyooshea.

"Pole, wifi. Pole sana. Basi shika, samaki bado wote, na mboga sijazigusa."

Na mkono wa Hyangsuk ulinyooka kuipokea. Yeye hakuuambia unyooke. Mkono ulikuwa umezoea. Kabla vidole havijafunga, Bunrye aliinyakua aproni katikati.

"Nimemsikia akisema hakuna mimba," alisema. "Sijamsikia akisema yeye ni mtumishi."

"Mama! Kila mwaka anapika yeye!"

"Ndiyo. Na kila mwaka nilimtazama."

"Sasa nani apike? Wewe mkono wako hauwezi kugeuza hata ukurasa."

Bunrye aliangaza macho chumbani, yakatua kwa mwanawe. Alimtupia aproni ikamwangukia begani.

"Mimi?" alisema Pilsu.

"Aliyekufa alikuwa baba yako au baba wa Hyangsuk?"

"Baba yangu, lakini Mama, wanaume hawajawahi—"

"Basi mpikie baba yako. Malsun, na wewe ni baba yako yuleyule, kata mboga. Mkimaliza mtaniambia mgongo wa nani ni mgongo."

"Atawakaanga ovyo," alisema Malsun. "Baba atakula samaki vipande vipande?"

"Atakula. Wali wangu wa kwanza ulikuwa umeungua juu na mbichi chini, akaula, akaniomba mwingine. Mwongo mkubwa yule mzee." Kisha akamgeukia mkamwana wake, na ukali ukamtoka ghafla, akabaki bibi mdogo mwenye mikono iliyopinda. Alitaka kusema jambo la siku nne zile. "Toka," alisema. "Unanizibia mlango."

Hyangsuk alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye ngazi ya saruji. Jua la Machi lilikuwa halina nguvu. Moto ulianza kifuani, akavua sweta, akaacha upepo umpige mabega. Mikono yake ilikuwa mapajani, mitupu, na hakujua watu wengine huiweka wapi saa kama hii. Aliijaribu magotini. Aliijaribu kwapani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mdomo ulikuwa unacheka, na hakujisumbua kuvipatanisha.

Ndani kulikuwa na mlio wa mafuta, kisha mlio wa kitu kinachoanguka, kisha Malsun akitukana kwa adabu.

"Hyangsuk!" aliita Pilsu. "Samaki anageuzwa lini?"

"Ukianza kuuliza," alijibu Hyangsuk, "umeshachelewa."

Na hakuinuka.